Je, Wajua? Uniti Moja ya Umeme, Bili Mbili

Je, wajua kwamba kituo cha umeme wa makaa ya mawe kina kiu pamoja na njaa? Kile cha kawaida, kinachopozwa kwa maji, hupoteza karibu lita 2 kwa kila uniti inayotoka, uniti ile ile unayoinunua kwa tokeni. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima, uniti moja imekwenda. Kama umeme huo umetoka kwenye kituo cha namna hiyo, nguo zako zimenyooshwa kwa lita mbili za maji ambazo hukuziona zikipotea, na kwa takribani kilo moja ya hewa ukaa.

Maji hayo yanakwenda wapi? Makaa huchemsha maji ya boila, mvuke hupiga mapanga ya turbini, turbini huzungusha jenereta. Mpaka hapo hakuna tone lililopotea. Shida inaanza baadaye: mvuke uliokwisha nguvu lazima upozwe, urudi kuwa maji na kuingia tena kwenye boila, na joto lake lazima litupwe mahali. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hubeba joto la takribani uniti 0.63. Ili kupata uniti moja ya umeme, kituo cha makaa hutupa kwenye upozaji kama uniti moja na robo ya joto. Gawanya mwenyewe, utazifikia zile lita 2.

Je, wajua kwamba lile wingu jeupe linalofuka kwenye minara minene iliyobana kiunoni si moshi? Ni mvuke wa maji. Wapiga picha wa magazeti huupenda mnara huo kila wanapotafuta picha ya uchafuzi wa hewa, ilhali hewa ukaa haina rangi, na hutoka kwenye dohani refu jembamba la pembeni. Tunaonyeshwa bili ya maji tukidhani ni bili ya moshi.

Ndiyo maana leo kila mtambo utakaopita hapa utaulizwa maswali mawili: unatoa moshi kiasi gani, na unakunywa kiasi gani? Majibu yake hugombana mara nyingi kuliko wauza mitambo wanavyopenda kukiri.

Je, wajua kwamba kuna kituo kikubwa cha makaa ambacho karibu hakinywi maji? Kinaitwa Matimba, kiko Lephalale, jimbo la Limpopo, Afrika Kusini. Kina mitambo 6 ya megawati 665 kila mmoja, na kimejengwa kwenye nchi kame. Eskom, shirika la umeme la huko, liliamua kupoza mvuke kwa hewa. Mvuke hupitishwa kwenye mabomba yenye mapezi ya chuma, na chini yake feni kubwa husukuma hewa juu. Ni rejeta ya lori iliyokuzwa ikawa jengo. Matumizi yakashuka hadi karibu lita 0.1 kwa uniti, wakati vituo vyao vinavyopozwa kwa maji hutumia wastani wa lita 1.9. Kituo kikizalisha uniti milioni 3.5 kwa saa, kimeokoa zaidi ya lita milioni 6 katika saa hiyo moja.

Sasa geuza ukurasa. Feni zile zinakula umeme wa kituo chenyewe, na hewa ya mchana wa Limpopo haipozi kama maji yanavyopoza. Siku ya joto kali, au upepo ukivuma kutoka upande mbaya, uzalishaji hushuka. Hapo kila uniti inadai makaa mengi zaidi, na makaa mengi ni hewa ukaa nyingi. Bili ya maji imelipwa, lakini imelipwa kwa moshi.

Na jirani yake je? Medupi, kituo cha megawati 4,764 kilichojengwa wilaya hiyo hiyo, nacho kinapozwa kwa hewa. Benki ya Dunia ilipoidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.75 mwaka 2010, suala la kuondoa salfa kwenye moshi wake lilikuwemo katika makubaliano. Njia iliyozoeleka ya kuondoa salfa ni kuunyunyizia moshi uji wa mawe ya chokaa na maji. Yaani kituo kilichojengwa ili kisitumie maji kinatakiwa kitafutiwe maji ya kuoshea moshi wake.

Wajua kwamba hata kuinasa hewa ukaa kabla haijapanda angani kunaongeza kiu? Kituo cha kwanza cha makaa duniani kufanya kazi hiyo kibiashara ni Boundary Dam, jimbo la Saskatchewan, Kanada, mwaka 2014. Kemikali inayoinasa gesi hiyo hupashwa moto ili iiachie, kisha hupozwa ili itumike tena. Kupasha kunakula nguvu ya kituo, na kupoza kunadai maji zaidi.

Kisiwani Iceland wana mtindo wao. Pale Hellisheiði, kituo cha jotoardhi, mradi wa CarbFix huiyeyusha hewa ukaa ndani ya maji kama inavyofanyika kwenye soda, kisha huyasukuma maji hayo chini kwenye miamba ya volkano. Gesi inakuwa jiwe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya gesi iliyoingizwa kwenye jaribio iligeuka madini katika muda usiozidi miaka 2. Wataalamu wengi walitarajia karne na karne. Bei yake? Karibu tani 25 za maji kwa kila tani moja ya hewa ukaa. Iceland maji si tatizo. Ukitaka kuuhamishia mtindo huo kwenye nchi kavu, anza na swali la maji.

Je, wajua kwamba Kenya ilianza kuvuna umeme wa jotoardhi mwaka 1981, kwa mtambo mmoja wa megawati 15? Ni pale Olkaria, karibu na Naivasha, na leo mvuke wa ardhini ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa nchi hiyo. Ukiingia Hifadhi ya Hell's Gate utakuta mabomba yanayong'aa yakikatiza kati ya pundamilia na swala. Hayaendi moja kwa moja: kila baada ya umbali fulani yanapinda na kurudi kwenye mstari, kwa sababu chuma hurefuka kikipata moto na bomba lililonyooka lingejivunja. Pengine yameinuliwa kama lango ili twiga apite. Harufu ya yai viza utakayoisikia ni ya gesi ya salfa inayotoka na mvuke.

Visima vyake huweza kushuka kilomita 3, na huko chini joto huvuka nyuzi 300. Kuchimba kunahitaji maji, na hayo hutoka Ziwa Naivasha, ziwa ambalo wakulima wa maua nao wanalitegemea. Lakini kisima kikishaanza kutema mvuke, hesabu inabadilika. Mvuke ukishazungusha turbini hupozwa ukawa maji, na maji hayo ndiyo yanayotumika kwenye minara ya kupozea. Kituo kinajinywesha chenyewe. Yale ya chumvi yanayotoka ardhini pamoja na mvuke hurudishwa chini.

Halafu kuna Olkaria III, mali ya kampuni ya Ormat, ambayo imekwenda mbali zaidi. Haitumii minara ya maji kabisa. Joto la ardhini huchemsha kimiminika kingine chenye kuchemka upesi kuliko maji, mvuke wake huzungusha turbini, kisha hupozwa kwa feni na kurudi kwenye mzunguko. Kilichotoka ardhini kinarudi ardhini. Kwangu mimi huo ndio mtambo wa Afrika Mashariki unaokaribia zaidi kuyajibu maswali yote mawili kwa mpigo, na sijui kwa nini hauimbwi.

Na gesi ya visimani? Shamba la maua la Oserian, kando ya ziwa hilo hilo, lilipata kutumia joto la jotoardhi kupasha vibanda vya waridi usiku wa baridi, na hewa ukaa ya kisima kuyalisha maua yenyewe. Mmea hula hewa ukaa. Kinachohitajika ni kuifikisha ndani ya kibanda.

Tupite haraka kwenye namba. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya mwaka 2014, lilihesabu hewa ukaa ya kila chanzo tangu mtambo unapojengwa hadi unapobomolewa. Kwa uniti moja, makadirio ya katikati ni gramu 820 kwa makaa, 490 kwa gesi asilia, 38 kwa jotoardhi, 24 kwa maji, 12 kwa nyuklia na 11 kwa upepo wa nchi kavu. Nyuklia, basi, iko sawasawa na upepo kwa moshi. Kwa maji ni habari nyingine.

Je, wajua kwamba kituo kikubwa cha nyuklia kimejengwa jangwani na kinapozwa kwa maji ya vyooni? Palo Verde, jimbo la Arizona, Marekani, hakina mto wala ziwa wala bahari jirani. Majitaka ya Phoenix na miji ya karibu husafishwa, hupelekwa kwa bomba, husafishwa tena kituoni, kisha huingia kwenye minara. Kwa mwaka zinayeyuka hewani lita zinazokaribia bilioni 75. Miji yetu inayomwaga majitaka baharini bila kuyafikiria mara mbili ingefaa iitazame Phoenix, hata kama haina haja ya nyuklia.

Ufaransa, yenye mito, imejikuta na shida ya namna yake. Vinu vyake vingi hunywa kutoka mito kama Rhône na Garonne na kurudisha maji yakiwa ya moto zaidi. Sheria inaweka kikomo cha joto hilo ili samaki wasife. Kiangazi cha 2003, na tena 2022, mito ilipata moto kabla hata ya kufika kituoni, na vinu vikalazimika kupunguza uzalishaji wakati ambapo watu walihitaji feni.

Na baharini si salama kama inavyodhaniwa. Mwaka 2013 kinu cha Oskarshamn huko Sweden kilizimwa na yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha ngozi. Walijaa kwenye mabomba ya kuvutia maji hadi yakaziba.

Turudi nyumbani. Je, wajua kwamba katika mto Tana, Kenya, maji yale yale huzalisha umeme mara tano? Yanaanza Masinga, yanashuka Kamburu, Gitaru, Kindaruma, kisha Kiambere. Umeme wa maji hauchemshi kitu, kwa hiyo hauna cha kupoza. Maji hupita, husukuma, huendelea na safari. Kasoro iko juu ya ukuta, kwenye bwawa lililotandazwa juani. Ziwa Nasser, nyuma ya bwawa la Aswan, Misri, hupoteza kwa jua zaidi ya mita za ujazo bilioni 10 kila mwaka. Hayo hayapiti kwenye turbini yoyote wala hayamwagilii shamba la mtu.

Inga, kule Congo, ni tofauti: mto wenyewe una nguvu kiasi kwamba Inga 1 ya mwaka 1972 na Inga 2 ya mwaka 1982 hazikuhitaji ziwa kubwa la kuhifadhi. Maji huchepushwa, hufanya kazi, hurudi mtoni. Umeme wake ulivutiwa waya wa kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi, kwenye migodi ya shaba ya Katanga. Waya huo ni wa umeme wa mkondo mmoja, ambao haukatwi njiani kirahisi, kwa hiyo ulipita juu ya vijiji na vijiji bila kuwasha hata taa moja.

Umeme wa maji unapokosa maji, hauna namna. Novemba 2022, mamlaka ya mto Zambezi iliitaka Zimbabwe isimamishe uzalishaji upande wake wa Kariba kwa sababu maji yanayoweza kutumika yalikuwa chini ya asilimia 5. Watanzania wa makamo hawahitaji kuelezwa: mgao wa 2006 na wa 2011 ulitokana na ukame uliokausha mabwawa, na pengo likazibwa kwa majenereta ya mafuta. Ukame uligeuka moshi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235, limeipa nchi pumzi ambayo haijawahi kuwa nayo, ila limeongeza pia utegemezi wa mvua.

Je, wajua habari za chura wa Kihansi? Kaa nayo kidogo, inastahili. Ni chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita 3, tena hatagi mayai ya kuanguliwa kuwa viluwiluwi. Huzaa vitoto vilivyokwisha kuwa vyura kamili, vidogo vya kukaa juu ya ukucha. Aliishi sehemu moja tu duniani: kwenye majani yaliyoloweshwa na rasharasha za maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, eneo la hekta chache mno. Wanasayansi walikuja kumtambua miaka ya 1990, wakati mradi wa umeme wa megawati 180 ukiwa tayari unajengwa pale pale.

Mwaka 2000 maji yakachepushwa kwenda kwenye mitambo, na maporomoko yakabaki na sehemu ndogo ya maji yake. Rasharasha zikakatika. Vyura 499 walikamatwa wakapelekwa Bronx Zoo, New York. Kule bondeni zikatandazwa bomba za kunyunyizia maji, mvua ya bandia kwa ajili ya chura. Haikutosha, ugonjwa wa kuvu uliingia pia, na mwaka 2009 akatangazwa kwamba ametoweka porini. Waliozaliwa Marekani wakaanza kurejeshwa Tanzania mwaka 2010, kwanza kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi kwenyewe. Umeme wa Kihansi una moshi kidogo sana na haugeuzi maji mengi kuwa mvuke. Ulichofanya ni kuyahamisha, na hata kuyahamisha kuna anayekosa.

Wajua kwamba Rwanda inazalisha umeme kutoka kwenye gesi iliyoyeyuka ndani ya ziwa? Chini kabisa ya Ziwa Kivu kumejaa methani na hewa ukaa. Tangu 2016, mradi wa KivuWatt wa megawati 26, upande wa Karongi, huvuta maji ya kina kirefu, huyatoa methani, na kuyarudisha chini. Methani ikiachwa ipande angani hupasha dunia takribani mara 28 zaidi ya hewa ukaa kwa kipimo cha miaka 100. Kuichoma ni nafuu kuliko kuiacha itoke. Kuna sababu nyingine ya kuipunguza. Mwaka 1986 Ziwa Nyos, Kamerun, lilitema hewa ukaa ghafla usiku na kuua watu wapatao 1,700. Kivu ni kubwa mno kuliko Nyos, na pwani zake zina Goma, Gisenyi na Bukavu.

Je, wajua kwamba umeme wa jua nao unaweza kuwa na kiu? Si wa paneli za bluu za juu ya paa. Hizo zinataka kufutwa vumbi tu. Ni ule wa vioo vinavyokusanya jua kuchemsha maji. Morocco, pale Ouarzazate, walijenga Noor I kwa kupozwa na maji mwaka 2016, ukingoni mwa jangwa. Noor II na Noor III zikapozwa kwa hewa. Hakuna tamko la kimataifa lililonifundisha kama namba hizo tatu za Kirumi.

Gujarat, India, mwaka 2012 waliezeka mfereji wa Narmada kwa paneli, mita 750, megawati 1. Makadirio yao yalikuwa kuokoa lita milioni 9 kwa mwaka zisikaushwe na jua. China nako, bwawa la Longyangxia limeunganishwa na shamba la paneli la megawati 850: mchana jua likiwaka, turbini hupunguzwa na maji hubaki bwawani yakisubiri usiku. Hilo lisingehitaji miujiza kwenye Tana au Rufiji.

Wajua mitambo 365 ya upepo ya Loiyangalani, kaunti ya Marsabit? Ni megawati 310, jirani na Ziwa Turkana, na haihitaji tone la ziwa hilo kupozea. Ilikamilika 2017 ikakaa bila kuuza umeme hadi waya wa zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa ulipokwisha mwaka uliofuata. Maji haina, moshi haina. Ardhi ndiyo kesi yake. Mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za eneo hilo hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria.

Gesi asilia ya Songo Songo inayofika Dar es Salaam tangu 2004 ina fumbo dogo. Turbini ya gesi peke yake haihitaji maji ya kupozea, lakini inatupa joto jingi angani. Kinyerezi II wanalikamata joto hilo, wanachemshia maji, wanazungusha turbini ya pili kwa mvuke. Gesi ile ile inatoa umeme zaidi, na hewa ukaa kwa uniti inashuka. Upande wa mvuke, nao, unataka kupozwa.

La mwisho halina mtambo. Kenya hupoteza zaidi ya moja ya tano ya umeme inaoununua kabla haujafika kwenye mita ya mteja: waya mrefu wa msongo mdogo, vifaa vilivyochakaa, na wanaojiunganishia usiku. Umeme huo umekwisha kulipiwa bili zote mbili. Transfoma ya mtaani iliyozidiwa mzigo inageuza sehemu yake kuwa joto usiku kucha, na joto hilo halimchemshii mtu chai.